Sindano za Flavian

Kijijini, karibu na Laela
3 Agosti 1979

Gaudensi,

Leo sikuiti mume wangu. Huna adabu. Wizara inakuja Rukwa kukagua kazi ya kifua kikuu, wewe ndiye karani wa hao wakaguzi, halafu habari nazipata kwa katekista! Uzima ninao. Wewe unakula?

Umemsahau mama yako? Mwanangu Agnesi alikuwa anadungwa vizuri, ameanza kunenepa. Mvua ziliposhika, Flavian, dresa wa zahanati yetu, akatoa sheria yake: asiyefika shamba la kijiji hapati sindano. Mtu anatema damu, atainuaje jembe? Akakatiwa dawa, tukamzika. Sasa Flavian anapaka zahanati chokaa. Walete hao wakubwa hapa. Nataka aumbuke.

Bibi yako,
Kalista

Dar es Salaam
19 Agosti 1979

Bibi, shikamoo.

Nakula, ila ugali wa huku si wa ulezi. Usinikasirikie. Vituo wanachagua wakubwa, na cha kwetu hakimo. Tutafika Laela tu, na Flavian ataitwa pale alete watu aliowaponya. Mimi naandika ninachoambiwa. Nikifungua mdomo watasema nalipiza kisasi. Mama nimemtolea misa. Mwachie Mungu.

Mjukuu wako,
Gaudensi

Kijijini
25 Septemba 1979

Karani,

Mungu simwachii kazi ninayoiweza. Mguu unaniuma kwa ule mwendo wa Laela, lakini moyo umeshiba. Uliniona naingia na wakohozi wangu, wale Flavian aliowakatia dawa, ukainamia kalamu kama hunijui. Pole yako.

Na Flavian alivyowapanga wale vijana wake, eti waliopona! Sebastiani yule tangu azaliwe hajakohoa ila kwa moshi. Ndiyo maana nilimwambia daktari wenu, "Baba, acha maneno. Watemeshe makohozi wote, wake na wangu." Flavian akacheka: "Huyu bibi kazeeka." Nikamwambia, "Na wewe teme. Si unakohoa tangu Pasaka?" Watu wakaangua kicheko, daktari akampa kikopo.

Darubini yenu imesema nini? Nijibu.

Bibi yako

Dar es Salaam
20 Oktoba 1979

Bibi, shikamoo. Mguu umepoa?

Wakohozi wako wote wana ugonjwa. Vijana wa Flavian hakuna hata mmoja aliye nao, na wamekiri hawajawahi kuugua. Flavian mwenyewe anao. Ameachishwa kazi, na anakuja dresa mwingine, Silvana, pamoja na dawa.

Wakubwa nimewaeleza kilichomuua mama. Nilisema nimesimama, bibi, mbele ya wote.

Mjukuu wako,
Gaudensi

Kijijini
2 Desemba 1979

Mume wangu,

Sasa umekuwa mtu. Mguu umepoa, na Silvana ana mkono mwepesi wa sindano.

Flavian alikuja zahanati amekonda kama ufito. Watu wakamzibia mlango: "Nenda kalime kwanza!" Nikawatawanya kwa fimbo. Usidhani nimemhurumia. Akifa upesi atapumzika, na mimi sitaki apumzike. Nataka apone, anenepe, azeekee hapa hapa. Kila asubuhi akija kudungwa ananikuta kwenye benchi. Anainama, "Shikamoo, mama." Siitikii. Kesho yake anarudi, ananiamkia tena.

Silvana anasema dawa zinakaribia kwisha. Usingoje barua nyingine. Nenda kwa hao wakubwa wako, simama mlangoni mpaka wazitoe, zipande lori kabla mvua haijakata barabara. Na za Flavian zisipungue hata moja.

Bibi yako,
Kalista