Pembe ya Nne ya Kiwanja

Jumatatu, 6 Februari 1956

Mapazia tangu asubuhi. Cherehani barazani, Ndewario, mtoto wetu mdogo, miguuni pangu anakohoa. Ukuta wa nyuma wa chumba umeota ukungu mpaka usawa wa kitanda. Naufuta kwa majivu, unarudi.

Mchana Bi Zaina, mwenye nyumba, alikuja kukaa nami. Akasifu mapazia. Akasifu chai, ambayo haikuwa na maziwa. Nikajua kuna jambo. Mwanawe anaoa, anataka chumba chetu kabla ya masika. Alisema kwa adabu mpaka nikashindwa kukasirika. Nimekasirika alipokwisha kuondoka.

Tuko wanne chumba kimoja na bado sitaki kuhama Kaloleni. Wateja wangu wako hapa. Barazani kwangu watu hupita, husimama, huuliza bei. Napenda hivyo.

Alhamisi, 9 Februari

Baba Anaeli, mume wangu, amerudi toka kazini stesheni akipiga mluzi. Baba yangu amemtumia salamu kwa utingo wa basi la Usa: kule nyumbani, juu ya Makumira, chini ya mfereji, kuna kipande hakina mtu. Twende tukakione Jumapili. Salamu zimekuja kwake. Mimi ndiye mtoto wa yule mzee.

Nilidhani atakataa. Mwanaume akihamia ukweni watu husema ameolewa, na stesheni ile wana midomo. Lakini huyu ni mtoto wa kati. Kwao Machame kihamba, shamba la ukoo, kimekwenda kwa kaka mkubwa na kwa kitindamimba. Yeye akapewa baraka na nauli. Hajawahi kuwa na hata mgomba mmoja wa kwake. Leo ameongea habari za kahawa mpaka ugali ukapoa.

Sikusema kitu. Nimejichukia.

Ijumaa, 10 Februari

Nimepeleka mapazia Uzunguni. Mume, mke, mbwa. Nilianza kuhesabu vyumba nikiwa natundika, nikaacha. Memsabu akauliza ninakaa wapi. Nikasema Kaloleni. Leo bado ni kweli.

Jumapili, 12 Februari

Aibu. Sijui nianzie wapi.

Tulifika baada ya ibada. Baba akatuonyesha kipande kwa fimbo: toka kwenye mti wa mringaringa mpaka mfereji. Udongo mweusi, migomba ya zamani, maji karibu. Kizuri kweli. Baba akasema, mmekiona, sasa subirini ukoo ukae. Basi. Neno lilikuwa rahisi hivyo.

Mimi nikaingia jikoni kwa mama. Nilipotoka, mume wangu alikuwa amekata matawi ya masale toka kwenye njia ya ng'ombe na kuyapanda pembe zote nne. Anashindilia udongo kwa viatu vya kanisani. Anatabasamu kama mtoto aliyepewa mwanakondoo. Sale likishapandwa mpakani ni mpaka, halina mchezo. Wachaga wanajua, Wameru tunajua. Na majirani walikuwa wamesimama njiani wanatazama.

Kaka yangu Elisa akamwuliza, "Shemeji, umekuja kututembelea au kutugawa?"

Hakuna aliyecheka. Ndizi zimebaki kwenye sufuria.

Njiani kurudi nikamwambia alichofanya. Anasema kwao neno la mzee mwenye shamba linatosha. Nikamwambia hapa si kwao. Nilisema vibaya kuliko nilivyokusudia. Alitazama dirishani mpaka mjini.

Jumatano, 15 Februari

Utingo ameleta habari mpya, na ameitangaza mbele ya wateja wangu. Elisa ameng'oa masale yote manne na kuyatupa njiani.

Kung'oa sale la mtu ni tusi. Baba Anaeli hakula. Anasema hataomba radhi kwa mtu aliyemtupia mpaka wake barabarani. Najua Elisa naye anasema hataomba radhi kwa mtu aliyemgawia shamba la baba yake. Mmoja amepanda kwa pupa, mwingine ameng'oa kwa hasira, na mimi ni mke wa huyu na dada wa yule. Kila mmoja anajua dawa ni jani la sale lililofungwa fundo, ukipelekewa hukatai. Wote wawili wamekaa tu.

Bi Zaina ameniuliza leo kwa upole kama tumepata mahali. Mara ya pili wiki hii.

Ukweli, niuandike hapa kwa sababu sijausema popote: sitaki kurudi kwetu. Hata Elisa angenyamaza, sitaki. Kule nitakuwa mtoto tena. Nitaitwa nikate majani ya ng'ombe, nitaitwa nikachote maji, na cherehani itawekwa juu ya dari pamoja na mahindi. Baba atanipenda na kunituma. Nilikwisha kutumwa vya kutosha.

Jumamosi, 18 Februari

Nimekwenda Olasiti, nje ya mji. Sikumuaga mtu. Ndewario mgongoni, Anaeli na kidumu cha maji.

Mzee Loishiye, Mwarusha niliyemshonea koti la harusi ya binti yake, aliwahi kuniambia kwake kuna nafasi ya kujenga. Nikamwamkia shikamoo, akacheka kuona nimekuja kwa miguu kwa neno la siku nyingi. Tukimpa ndama jike, atatuonyesha kiwanja mbele ya jumbe, bila maneno mengi.

Pabaya. Vumbi, upepo, miiba. Hakuna mgomba hata wa dawa. Kijito kiko mbali na kiangazi kinakuwa matope ya ng'ombe. Nilikuwa tayari kurudi. Kisha nikageuka nikauona Meru, toka miguuni mpaka kichwani. Nimezaliwa juu ya mlima ule na sijawahi kuuona mzima. Kwetu ukiinua macho unaona majani ya migomba.

Nikakaa juu ya jiwe. Wanawake walipita na mizigo ya sokoni, wawili wakasimama kuuliza nani kanishonea gauni. Nikawaambia.

Jumatatu, 20 Februari

Nimemwambia. Tumegombana mpaka Anaeli akajifanya anatafuta kuku nje, na sisi hatuna kuku.

Amesema Olasiti ni mahali pa mbuzi. Nikasema pakavu, mtoto atapumua. Akasema atazeeka bila kahawa. Nikamwambia sitaki Makumira, sikuitaka hata siku ya kwanza.

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza."

Akavaa kofia yake ya stesheni, akatoka. Hakuwa na zamu.

Ijumaa, 24 Februari

Hatusemezani. Anaeli anabeba maneno kati yetu: mwambie baba chakula tayari, mwambie mama nimeshiba. Mawingu yameanza kulala juu ya mlima. Ukungu ukutani umepita kitanda.

Jumapili, 26 Februari

Ameondoka na baiskeli kabla ya kengele ya kanisa. Kuelekea Usa. Mfuko wa koti ulikuwa umetuna, nikaona ncha ya jani. Sale, limefungwa fundo.

Nimekaa na hofu siku nzima. Nimejua anakwenda kupatana na Elisa ili apewe kile kipande, na akishapewa mimi sina la kusema tena. Nimechukua shati la mteja kujituliza, nikashona mkono wa kulia upande wa kushoto. Nimefumua. Nimeshona tena vilevile. Siku ya Bwana, Mungu anisamehe.

Jioni akarudi, vumbi mpaka kwenye kope. Akanywa maji, akakaa, akanieleza mwenyewe bila kupitia kwa Anaeli. Jani amempa Elisa, amemwomba radhi kwa kupanda kabla ya ukoo. Elisa amelipokea kwa mikono miwili. Halafu mume wangu akamshukuru baba yangu kwa kile kipande na kumwambia tunakwenda Olasiti. Baba akauliza ni nani aliyechagua.

"Nikamwambia, ni Mama Anaeli."

Nikamwuliza baba alisema nini. Anasema aliguna, kisha akaagiza apewe maziwa.

Nimelia mbele yake. Sijali. Huyu mtu alishika udongo wa kwake siku moja tu.

Jumamosi, 10 Machi

Tumehama. Mzee Loishiye amekwisha kupokea ndama wake, jumbe akishuhudia. Mkokoteni umekwenda mara mbili. Bi Zaina amelia, nami nimelia, na bibi harusi ameingiza kitanda kabla machozi hayajakauka. Nyumba yetu ni miti na udongo mbichi, mlango ni gunia. Ndewario bado anakohoa. Nilitaka aache leo leo.

Alasiri Elisa akatokea barabarani, amebeba miche ya migomba na gunia lililolowa. Ndani ya gunia masale manne. Yaleyale. Siku ile aliyatupa, kesho yake akayaokota na kuyachomeka kwenye tope la mfereji. Nikamwuliza kwa nini. "Nilikuwa na hasira na shemeji," akasema, "si na masale." Mume wangu akayatia kwenye ndoo. Ardhi hapa ngumu mno, tusubiri mvua.

Walikaa juu ya jiwe langu, wakala wote wawili sahani moja. Migomba haitaota hapa, nao wanajua, lakini wameipanda.

Jumapili, 25 Machi

Mvua imenyesha jana. Ardhi imelainika.

Baba Anaeli ameamka mapema akapanda masale. Pembe tatu. Kisha akavaa, akachukua watoto kwenda kanisani, akasema nibaki nipumzike. Jembe limeegemea ukuta. Sale la nne limo kwenye ndoo.

Sijawahi kuona mwanamke akipanda sale la mpaka. Kwetu wala kwao.

Nimengoja wapite mti wa mwisho. Nimechimba, nimelisimamisha, nimeshindilia kwa mguu mtupu. Udongo wa hapa unanata. Mlima umefunikwa leo, hauonekani. Nimenawa, nimefungua cherehani barazani.