Kanga ya Salma imefungiwa ndani ya kompyuta

Jumanne, baada ya alasiri. Joto la kunata, hata jani halitikisiki.

Assalaam alaykum, shajara yangu ya simuni, na nyinyi mnaonisoma. Sisi hapa Mtoni hatujambo. Mama mkwe wangu, Bi Time, hajambo, ila goti linamsumbua na ulimi haujapumzika. Baba Salma hajambo, yuko kazini hotelini Kiwengwa, harudi mpaka Alkhamisi. Yussuf na Nasra hawajambo, wanagombania feni. Na Salma, mkubwa wao, kiwiliwili hajambo. Roho ndiyo inayomuuma.

Mimi nshachoka.

Salma anachora kanga kwa kompyuta ya skuli. Pindoni kaweka karafuu, katikati mabirika ya kahawa, na jina kachaguliwa na bibi yake: "Subira yangu isikupe usingizi." Anataka kuipeleka chuo cha amali wamchukue kusomea uchoraji wa vitambaa. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa, na wanataka kazi ya kompyuta, ya mkono hawaitaki. Nyumbani kompyuta hatuna.

Jana ile programu ya kuchorea imejifunga. Kumbe skuli waliichukua kwa majaribio tu. Muda umekwisha, sasa inataka ilipiwe kila mwaka, tena kila kompyuta na yake. Skuli haiwezi, na sisi wazazi hata tukichangishana hatufiki. Kazi ya mwanangu imo humo humo ndani, haitoki.

Nilipomweleza Bi Time, akaguna. "Kanga ya kukodi hiyo? Umejifunga, uko njiani unakwenda harusini, mara waje wakuvue?"

Nimecheka, halafu nikataka kulia.

Mimi nimeishia darasa la nne, mambo ya kompyuta siyajui. Lakini Mwalimu Ashura, anayewafundisha, kanambia ipo programu nyengine ya bure, nzuri, haina kodi wala mwaka. Kanga ya mwanzo haitaifungua, ila Salma akiipata kesho anaweza kuichora upya ikawahi. Kilichobaki ni ruhusa ya mwalimu mkuu kuitia kwenye kompyuta za skuli. Naye anasema cha bure hakikosi kasoro, tusubiri aulize wakubwa zake.

Tusubiri mpaka lini? Ijumaa haisubiri.

Basi leo asubuhi nikafanya kama nilivyolelewa. Nikapika mkate wa kumimina, nikautia kwenye sahani yangu ya maua, nikampa Salma ampelekee mwalimu mkuu na salamu zangu: mama anaomba ile ruhusa. Kwetu sahani ya mtu hairudi tupu. Nikajua itarudi na jibu.

Imerudi na embe dodo.

"Kasemaje?" nikamuuliza Salma.

"Kasema mwambie mamako mkate umeiva vizuri, Mungu ampe afya."

"Na ruhusa?"

"Hakuitaja, mama."

Sikutaka embe mimi. Nilitaka neno moja.

Yussuf kazila zote, maji ya embe mpaka viwikoni, nami nikamgombeza bure. Kosa lake nini mtoto wa watu?

Na nikisema kweli, naogopa ofisi. Nikiingia najikunja, "shikamoo", "naam", "naam", natoka sijasema nililoliendea. Labda ndiyo maana nimeutuma mkate ukasemee badala yangu. Mkate haujui kusema.

Kesho nnakwenda mwenyewe. Sahani ile ile naibeba mkononi, tupu, nikae nayo kwenye benchi la mlangoni kwake. Akiuliza, nitamwambia nimefuata kilichobaki.

Na wewe unayenisoma, kama skuli ya mwanao wanachorea programu ya bure, niandikie leo hii uniambie inafanya kazi, nipate la kumwonesha mwalimu mkuu asubuhi. Usikawie, mwenzangu. Salma kalala kaelekeza uso ukutani, na chai yake imepoa.