Tone Juu ya Karatasi

Kassel, Jumatatu

Dada Roswitha,

Sisi wazima. Goti la Mama limepona, na sasa analitumia kunifuata dukani na keki ya plamu.

Duka lipo. Wateja wanaingia. Juzi bwana mmoja alinikalisha saa nzima nimfundishe kupinda mabomba ya kupozea kompyuta kwa maji, halafu akaagiza kila kitu mtandaoni, kwa simu yake, kaegemea kaunta yangu! "Usinune, mzee," akaniambia, "wale wanakuletea mpaka mlangoni." Pampu niliyouza wiki nzima ni moja tu, na imeenda kwa bibi mwenye tangi la samaki. Wengine wananunua vipoza vya maji vilivyokwisha kuunganishwa kiwandani. Unabandika, basi.

Jumamosi niliunda kompyuta ya mwisho. Ndiyo, ya mwisho. Tunafunga, na Mama usimwambie.

Desturi yangu unaijua: kabla ya kuwasha kompyuta, nazungusha maji siku nzima, na chini ya mabomba natandaza karatasi za jikoni, nione kama panavuja. Miaka kumi na tisa, hakuna karatasi iliyowahi kulowa. Safari hii nikakuta tone. Nilipagawa! Nikakaza kila kiungo, nikapapasa kila bomba: pakavu kabisa. Likadondoka la pili.

Gerlinde wangu akaninyang'anya spana, akanipa leso.

"Acha kukaza, mume wangu. Kinachovuja ni wewe."

Kaka yako, ambaye leo ni mkavu,
Volkmar