Moyo Usiojua Kuachia

Serwaa, unajua wifi yangu Pokuaa kathubutu kusema nini mbele ya daktari?

Daktari anatueleza taratibu: protini za msuli wa moyo wa mjukuu wangu hushikana kuvuta, halafu hazijui kuachia. Nyama ya moyo imenenepa, ndiyo maana mtoto alianguka uwanjani. Ni maradhi ya kurithi.

Pokuaa akadakia, akininyooshea kidole: "Sisi Waashanti damu hutoka kwa mama! Ni ya kwao huyu!"

YA KWETU! Wakati mume wangu alianguka akafa akitwanga fufu ya muhogo, na mwanangu, mama wa mtoto, vilevile!

Daktari akampima Pokuaa naye. Moyo uleule mnene!

Miaka yote ananisema kwa supu yangu ya samaki wa chumvi. Leo nikamwambia: "Wifi, sikumuua kaka yako. Ni moyo wenu."