Distributa ya gari la baba

Shoga, nusura nimuue baba!

Leo nimefunga distributa mpya, kile kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi, katika lile gari lake la zamani. Nyaya za plagi nimezirudisha mwenyewe, najiona fundi kwelikweli.

Baba akainamia injini asikilize. Nikapiga stata.

PAAA! Moto ukaruka kutoka kwenye kabureta, mbele ya uso wake. Mbele ya uso wake, shoga!

Nikaruka nje, nikamvuta shati, nikafunika injini kwa blanketi mpaka moto ukazimika.

Kumbe nyaya mbili za plagi nilizipishanisha, cheche ikapiga wakati si wake.

Nyusi zake zote zimeungua. Unajua alichosema? "Zima swichi kwanza, mwanangu." Basi!

Nimejifungia bafuni nalia. Naye anagonga mlango: "Toka, tukazipange zile nyaya upya sote wawili."