Ushuhuda wa Maman Alphonsine

Lubumbashi, 3 Machi 2024

Mwanangu Hénock,

Pokea salamu zangu nyingi. Huku tunaamka salama, isipokuwa haya magoti yangu. Huko Bruxelles baridi imepungua? Unakula?

Bon, nina neno. Maman Mujinga aliniuliza mbele ya kwaya yote ninayoiongoza unafanya kazi gani. Nikamjibu: usalama, kwenye chuo kikuu. Akacheka. "Kumbe ni sentinelle! Mutoto alisoma miaka yote ile, juu ya kuchunga mulango ya Bazungu?" Wakacheka wote. Baba yako alikufa akijisifia diploma yako. Niambie kazi yako ni nini hasa, niwafunge midomo.

Maman yako,
Alphonsine

Etterbeek, Bruxelles, 10 Machi 2024

Maman mpenzi,

Nimefurahi kupata barua yako. Mimi ni mzima, ninakula, baridi ndiyo haijatuachia. Magoti uyapake mafuta ya moto.

Mimi si mlinzi wa mlango. Maprofesa wa hapa wanatafiti vitu vya ulinzi, vitakavyotumiwa na jeshi, na mimi ndiye ninayeamua nani aingie maabara na nini kisitoke nje. Profesa akiingia na simu mfukoni, ninamrudisha. Juzi nilimwondoa kijana mmoja hodari, Ghislain, kwa kuweka mtandaoni picha ya meza yake ya kazi. Alilia mbele yangu. Sheria ni sheria.

Lakini wakucheke wewe? Hapana. Ninakutumia picha: mimi, kadi yangu kifuani, mbele ya maabara. Ni ya macho yako tu, maman. Usimpe mtu.

Mwanao,
Hénock

Lubumbashi, 26 Machi 2024

Mwanangu, papa wangu Hénock,

Hujambo? Mimi leo hata magoti siyasikii!

Jumapili ya Matawi nilitoa ushuhuda. Pastor aliiweka picha yako kwenye skrini kubwa, watu wakasimama, vigelegele mpaka barabarani. Nikasema: mwanangu hachungi mlango, anachunga siri za jeshi la Wazungu! Maman Mujinga alibaki kutazama viatu vyake.

Usiwe na wasiwasi, picha sikumpa mtu. Niliionyesha tu, tena nyumbani mwa Mungu, na wale si watu wa nje. Hata ndugu walioko Ulaya walifuata ibada mtandaoni. Mbona hupokei simu?

Maman yako mwenye furaha,
Alphonsine

Etterbeek, 2 Juni 2024

Maman,

Natumaini u mzima. Mimi mwili ni mzima. Sikupokea simu zako kwa sababu sikuwa na maneno mazuri, na hata leo sina.

Video ya kanisa ilifika chuoni wiki ile ile ya ushuhuda wako. Nyuma ya bega langu mlango wa maabara uko wazi, na inaonekana mashine ambayo jeshi halijaitangaza. Wamenivua kibali cha kuingia maabara, na bila kibali sina kazi. Huruma sikuomba. Ningeombaje, wakati Ghislain alilia na sikumsikiliza?

Nilikuambia ni ya macho yako tu. Neno moja, maman, limekushinda kulitunza. Umeniuza kwa vigelegele. Kwa sasa usinipigie.

Hénock

Lubumbashi, 17 Juni 2024

Mwanangu Hénock,

Sikuulizi hali, ninaijua. Yangu pia usiulize.

Nililia, kisha nikaona machozi hayarudishi kazi. Ulimi ulioharibu ndio utengeneze. Jana nilisimama tena mbele ya kanisa, nikasema nilidanganya. Mwanangu ni sentinelle tu, hajui siri ya mtu yeyote, na ile kadi aliazima kwa mwenzake ili apige picha. Maman Mujinga peke yake ndiye aliyecheka, alicheka mpaka akajifuta machozi.

Pastor amenitoa kwenye uongozi wa kwaya, na kuimba nisiimbe tena, kwa kuwa nilimdanganya Mungu hadharani. Si neno. Nilimwomba jambo moja, akakubali: wakati naikana picha yako, aiweke tena kwenye skrini, kubwa kuliko mara ya kwanza, ili kila mtu ajue ni picha gani ninayoisema. Video iko mtandaoni tangu jana, na wanaitazama hata watu wasio wa kanisa letu.

Waonyeshe wakubwa wako. Kisha niandikie unarudi kazini lini.

Maman yako,
Alphonsine