Pasipoti Niliyoinua Mbele ya Kamati

Kwa Dada Wakio, Mheshimiwa Seneta,

Shikamoo, maana ulipokuwa huku wiki iliyopita nilikupigia saluti nikasahau kukuamkia. U mzima? Magoti ya mama yanasemaje? Mimi sijambo, na sare ya ulinzi inanikaa vizuri kuliko hao askari wenu wa pale Bungeni.

Tangu uteuliwe, huku ughaibuni, kwenye kambi yetu ya walinzi Abu Hamour, naitwa Seneta Mdogo. Hata foleni ya bafuni napishwa. Nimewaambia wewe ukisimama, Spika mwenyewe anakaa vizuri kitini. Kwamba hukupigiwa kura hata moja, hiyo nimewaficha.

Sasa dada, hoja ya nidhamu. Siku kamati yenu ilipotutembelea, uliuliza, "Pasipoti zenu mnakaa nazo wenyewe?" Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikaruka mimi, mwenye mdomo: "Tunazo, Mheshimiwa! Tuko sawa kabisa!" Nikainua yangu juu, wenzangu wakainua zao. Ukatabasamu, karani wenu akaandika. Nilivimba kichwa siku nzima.

Ulikuwa uongo, dada. Tuligawiwa asubuhi ile ile. Mlipoondoka, gari lenu halijafika hata barabara kuu, sanduku likapitishwa, tukazirudisha.

Nalala chumba kimoja na Juma, yule mrefu aliyekuletea maji. Babake amelazwa hospitali huko nyumbani, na hataki kupasuliwa kabla hajamwona mwanawe. Juma ameomba pasipoti mara tatu. Juzi meneja alimjibu, "Si mlimwambia seneta wenu mnazo? Basi nenda." Juma akarudi, akaketi kitandani bila kuvua viatu. Akaniambia, "Seneta Mdogo, mdomo wako ndio umenifungia huku."

Ndipo nikakupigia simu. Ukasema kamati haichukui maneno ya simu, inataka karatasi yenye jina na sahihi, ifike kabla ripoti haijawekwa mezani Jumanne. Halafu ukashusha sauti: "Mwadime, ukiandika watakufukuza. Nami sitaweza kukukinga, wataniambia natetea ndugu." Nimekaa na maneno hayo siku mbili na kalamu mkononi, mimi niliyekimbia shule kidato cha pili.

Karatasi ndiyo hii. Anayekuletea ni mwenzetu aliyemaliza mkataba wake. Pasipoti yake atapewa uwanja wa ndege, mlangoni kabisa, kama mtoto anayekabidhiwa nauli.

Mpe salamu mama, ila usimwambie bado. Shemeji mwalimu asije akaisahihisha barua hii kwa kalamu nyekundu. Shangazi muuza mboga mwambie kitambaa chake nimeshakinunua kule Al Sadd, pengine nitakileta mwenyewe mapema kuliko tulivyopanga.

Na ukiisoma mbele ya wenzako, usiseme "mlinzi mmoja". Taja jina langu lote, kama mama anavyoniita nikikosea.

Mdogo wako aliyekudanganya hadharani,
Mwadime